Picha Iliyogeuziwa Ukutani: Maisha ya Zélie Guéroult, 1846–1895

Marehemu Zélie Guéroult alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Machi 1846, hapa Valmondois, katika nyumba ileile alimofia. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Eugène Ravenel, aliyeswaga farasi wa kuvuta mashua za mizigo kandokando ya mto Oise, na wa Bibi Philomène, ambaye wengi mliopo hapa mmenunua kabichi na njegere zake sokoni Pontoise.

Alisoma kwa masista wa Pontoise kuanzia mwaka 1853 hadi 1860. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Siku moja sista alimrudisha nyumbani na barua kwa sababu alikuwa amepaka theluji rangi ya buluu. Mama yake alipomuuliza kisa, alijibu tu kwamba alikuwa ameitazama.

Akiwa na miaka kumi na minne alikwenda Paris kuchora maua kwenye vyombo vya kaure. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na minne mingine, na aliifanya vizuri. Bibi Philomène aliweka sahani yake moja juu ya meza ya sokoni, akiwaambia wateja wahesabu miiba ya waridi lililochorwa humo, wasione haya.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1874, Zélie na wenzake wa karakana walikwenda kwenye maonyesho ya wale wachoraji ambao gazeti moja liliwaita impresionisti kwa kejeli. Walikwenda kucheka, kama watu wengine. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Wiki iliyofuata alirudi peke yake. Kabla mwaka haujaisha aliacha sahani, akanunua kisanduku cha rangi, akaanza kuchora nje, mchana, kitu kikiwa mbele yake na jua likiwa juu yake.

Tarehe 14 Oktoba 1876 aliolewa na Anatole Guéroult, fundi wa fremu. Anatole alizoea kusema kwamba siku ile alioa wake wanne: Zélie, kiti chake, mwavuli wake na kile kisanduku, na kwamba ni mmoja tu aliyekuwa akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Mwaka 1878 walijaliwa binti, Céleste.

Picha alizozichora ni nyingi, na zilizouzwa ni chache. Hapa itatajwa moja. Juni 1879 alimketisha mama yake uani, akimenya njegere, akamchora kwa alasiri tano, kuanzia saa nane hadi saa tisa na nusu. Mwanga ukihama, aliweka brashi chini. Picha ilipokauka aliitundika mwenyewe kwenye ujia wa nyumba ya mama yake, kwa kuwa ukuta mwingine wenye nafasi haukuwepo. Mnaufahamu ujia ule: watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu.

Bibi Philomène aliisogelea, pua ikakaribia kugusa turubai. Aliona madoa ya zambarau shavuni na kijani chini ya kidevu.

"Nimekukosea nini, mwanangu, hata unipake michubuko?" aliuliza. "Watu watasema marehemu baba yako alikuwa akinipiga."

Zélie alimwomba asimame mbali kidogo, madoa yaungane.

"Mbali wapi? Nikasimame mtoni?"

Siku hiyohiyo aliigeuzia ukutani. Ilikaa hivyo miaka kumi na sita. Zélie alikuja kila Jumapili, akapita mbele ya mgongo wa picha ile, akanywa supu ya mama yake, wakazungumza juu ya mengine yote.

Februari mwaka huu, mto ulipoganda, alisimama juu ya barafu siku tatu mfululizo akiichora. Homa ya mapafu ilimpata na haikumwachia. Mwezi wa Aprili aliomba aletwe kwa mama yake. Mlango wa chumba ukiwa wazi, aliiona picha yake kutoka kitandani, mbao na misumari tu. Mwezi wa Mei alimwomba mama yake aitazame mara moja, nje, uani.

"Ukipona nitaitazama," mama yake alimjibu. Alisema hivyo ili mgonjwa apate sababu ya kupona. Zélie hakuomba tena. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 1895, alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Jana mchana jeneza lilipoletwa, halikuweza kupita kwenye ujia. Anatole aliitoa picha, akaiegemeza kwenye banda la kuku, upande wa pili wa ua, uso wake ukielekea nyumba. Bibi Philomène alikuwa ameketi dirishani jikoni. Baada ya muda aliita kwa hasira.

"Nani yule anamenya njegere uani? Mwambieni aache, kuna msiba humu."

Anatole aliingia jikoni, akamwinamia. "Ni wewe, mama."

Alitazama kwa muda mrefu. Aliwazuia watu wasiiondoe, akakaa pale mpaka jua likaondoka uani. Kisha akasema, "Nimeiona. Sasa nani atamwambia?"

Ndiyo sababu habari hii imeandikwa, isomwe kwa sauti, hapa, kabla udongo haujarudishwa.

Zélie ameacha mume wake, Anatole. Binti yake, Céleste. Mdogo wake, Léontine, mwalimu wa shule ya wasichana. Na mama yake, Bibi Philomène Ravenel, mwenye umri wa miaka sabini na minne, ambaye ameitazama.

Lala salama, Zélie, na mwanga wa saa nane ukae nawe.