Nisaini kwa Mkono Upi?

Kheri alikuwa amefungwa bendeji mkono wa kulia. Subira, mama wa makamo aliyekaa nyuma yake ndani ya basi la Kibiti, alimsikia akimsimulia abiria wa pembeni jinsi mnyororo wa winchi ulivyomkata vidole viwili kiwandani, walipokuwa wakinyanyua mashine.

“Hukuvaa glovu, kaka?” yule abiria aliuliza.

“Glovu ndiyo iliyonaswa! Breki ya winchi ni mbovu, tumeshasema mara tatu. Halafu mabosi wakanifuata wodini na karatasi, imeandikwa ni uzembe wangu, eti nisaini. Nisaini kwa mkono upi?”

“Lakini kazini lazima uwe makini, ndugu yangu.”

Subira akainama mbele kati ya viti. “Na hiyo breki, baba, nani alitakiwa awe makini nayo?”

Basi likasimama stendi. Yule abiria wa pembeni akachukua mkoba wake akashuka, wala hakugeuka.