Clem Radtke Aweka Chini Msasa

Baada ya karibu miaka thelathini na minane katika karakana ya matufe ya Ukumbi wa Bolingi wa Zastrow, hapa Sheboygan, ndugu Clement Radtke, ambaye sote tunamwita Clem, atastaafu rasmi Ijumaa tarehe 30 Mei 2025. Mwandishi wa wasifu huu ni Dale Hintze, fundi wa mashine za kupanga upya pini zinazoangushwa na matufe, jirani yake wa ukuta kwa ukuta kazini kwa miaka thelathini na mmoja, na mwenzake katika timu ya ligi ya Jumatano. Bi. Zastrow, mwenye ukumbi, aliniomba ukurasa mmoja wa kuchangamsha, usiotiwa chumvi. Chumvi sitatia. Ukurasa huenda ukazidi.

Clem aliajiriwa Septemba 1987 akitokea kiwanda cha viti, alikokuwa akisugua mikono ya viti kwa miaka sita hadi kiwanda kilipofungwa. Marehemu mzee Zastrow alimchukua ili atoboe matundu ya vidole kwenye matufe mapya. Kutoboa alijifunza kwa wiki tatu. Kusugua alikuwa amekuja nako. Mwezi wa pili tu mzee alianza kulalamika kwamba fundi wake anaharibu biashara, kwa sababu mteja akija kununua tufe jipya, Clem alikuwa akimrudisha nyumbani na lilelile la zamani.

Maelezo yake hayakubadilika kwa miaka yote hiyo, na wengi mnaosoma hapa mnayajua kwa moyo. Njia linapoviringishwa tufe imepakwa mafuta mbele, na nyuma karibu na pini ni kavu. Tufe lililopigwa msasa wa kukwaruza ni kama tairi la theluji, linashika mapema na kupinda taratibu, na likifika kwenye pini limeshachoka. Tufe lililong'arishwa linateleza juu ya mafuta, linatunza nguvu zake, kisha linapinda kwa ghafla mwishoni. Kila linapochezwa, uso wake unalainika kidogo bila mwenyewe kujua. Ndipo mtu anaanza kulaumu mkono, goti, viatu, na mwishowe mke.

Wateja wapya walikuwa wakimwomba awang'arishie, maana kinachong'aa huonekana kina nguvu. Clem hakubishana nao. Aliwang'arishia, akawaacha watupe michezo mitatu kwenye njia iliyojaa mafuta, kisha akawasubiri mlangoni akiwa na msasa wa kukwaruza, namba mia tano, mkononi.

Alikuwa na utaratibu wake. Tufe aliligawa pande nne, kila upande mizunguko mia, na akiwa anahesabu hajibu simu wala mtu. Mwaka 2003 mafuta ya kukaangia samaki wa Ijumaa yaliwaka moto jikoni, king'ora kikalia, tukatoka nje wote na viatu vya kukodi miguuni. Clem alitoka dakika nne baadaye. Mkuu wa zimamoto alimgombeza mbele ya watu, naye akajitetea kwamba alikuwa upande wa tatu, sabini na kitu.

Yer Thao, ambaye leo ndiye mwenye wastani mkubwa wa pini kuliko sisi sote, alikuja mara ya kwanza mwaka 2006 na tufe la mitumba alilopewa na shemeji yake. Alikuwa ameambiwa na duka moja la mbali kwamba limekufa. Clem alipitisha mgongo wa kucha juu yake, kama kawaida yake, akamwambia halijafa, limelewa. Alilikamua mafuta kwa maji moto, akalipiga msasa, akalilainisha kidogo juu. Yer alilitumia miaka tisa, na kumbukumbu ya michezo yake mitatu aliyofikisha pini 774 bado iko ukutani.

Hayo ndiyo mafanikio, nami ningeweza kuishia hapo. Lakini hakuna mtu hapa asiyekumbuka Kombe la Kaunti la mwaka 2011, na kuandika juu ya Clem bila kulitaja kungekuwa kujifanya hamnazo.

Timu yetu ilikuwa watu wanne: nahodha Bev Kuehl, Yer, Clem na mimi. Tulikuwa tumelikosa kombe hilo kwa miaka kumi na tisa. Bev alikuwa ameshaondoa glasi kwenye kabati la baa ili kulipatia nafasi. Katika fainali dhidi ya timu ya Plymouth tuliingia mchezo wa tatu, ambao ndio wa mwisho, tukiwa nyuma kwa pini thelathini na moja.

Kanuni mnaijua. Kabla ya tufe la kwanza kuhesabiwa, sugua utakavyo. Likishahesabiwa, uso unabaki ulivyo hadi mwisho, na unaruhusiwa taulo kavu tu. Asubuhi ile Clem alikuwa amepiga tufe lake la bluu msasa namba mia tano. Kufikia mchezo wa tatu mafuta ya njia yalikuwa yamechakaa, nalo lilikuwa linashika mapema mno na kufika kwenye pini bila nguvu. Dawa yake kila mmoja wetu aliijua. Ilikuwa ni kulilainisha, na ilikuwa marufuku.

Katika mchezo huo wa mwisho tufe la Clem lilibadilika. Liliteleza mbali, likapinda kwa kuchelewa, likafagia. Alipata 258, tukashinda kwa pini kumi na moja. Bev alilia. Watu wakaleta soseji na bia, nasi tukapiga picha na kombe.

Tukiwa bado tunakula, Clem aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, maana alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka karakana, akatoa kipande cha msasa. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akaondoka nacho hadi kwenye meza ya katibu wa mashindano, Bwana Ostrander, nasi tukamfuata tukidhani anakwenda kusaini fomu.

“Nimelisugua tufe,” alisema. “Baada ya mchezo wa pili. Mikono ilifanya, mimi nilikuwa napiga soga. Vumbi la bluu hili hapa.”

Bwana Ostrander, ambaye hakuwa na hamu ya kuwavua watu kombe, alimwambia huenda ni vumbi la asubuhi.

“Asubuhi nilitumia mia tano,” Clem alijibu. “Hii ni elfu nne, ile laini.”

Katibu aliuliza basi kama kuna mwenzake yeyote aliyeona, kwa kuwa anayeona na kunyamaza hufungiwa misimu miwili. Clem alisema hakuna, wote walikuwa wanaangalia pini. Fomu ikaandikwa hivyo. Kombe likaenda Plymouth, na glasi zikarudi kabatini.

Bev hakumsemesha hadi theluji ya kwanza. Mimi nilichukua karibu miaka miwili. Tulikuwa tunacheza timu moja, tunapeana zamu, namwambia “hongera” na “pole” kama anavyoambiwa mgeni. Ukumbi mzima ulijua Dale ana kinyongo cha kombe, na mimi niliwaacha waamini hivyo.

Haikuwa kinyongo. Mimi nilimwona.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, pale matufe yanaporudi. Alikuwa akimwambia Yer, aliyempa mgongo akitazama pini, habari za samaki, na mkono wake wa kushoto ukaanza kuzunguka. Sauti ya msasa juu ya tufe nimeisikia kupitia ukuta maisha yangu yote ya kazi, siwezi kuikosea. Nilijua litafanya nini likipigwa tena. Neno moja tu lingemzuia, au angalau lingetufanya tuseme mapema na kulibadilisha tufe. Niligeuza uso nikatazama pini, kwa sababu nililitaka lile kombe. Kisha yeye akaenda kusimama peke yake mbele ya meza, nami nikasimama nyuma yake nikinuna pamoja na wengine. Nimeona aibu kwa miaka kumi na minne.

Jumanne iliyopita nilikwenda karakana na rasimu ya wasifu huu nikamwambia. Alikuwa upande wa pili wa tufe la mteja, nikasubiri amalize mia yake.

“Najua, Dale,” alisema. “Jioni ile nilikaa nikakumbuka. Nilipoinua kichwa, ndiyo kwanza ulikuwa unageuza shingo.”

Nilimuuliza kwa nini basi hakurudi kwa Ostrander kubadilisha maneno alipokumbuka.

“Arlene ulimzika Januari ya mwaka ule,” alisema. “Kitu pekee kilichokuwa kinakutoa nyumbani ni Jumatano. Wangekufungia, ungekaa na nani?”

Arlene alikuwa mke wangu. Clem alikuwa sahihi, najijua. Misimu miwili nje, na nisingerudi tena.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wasahihishe kumbukumbu. Mtu huyu, ambaye hakukubali kudanganya kuhusu vumbi la namba elfu nne, alilinda uongo mmoja kwa miaka kumi na minne, na uongo huo ni wangu. Jumatatu hii nimempelekea katibu wa sasa wa chama barua yenye jina langu na tarehe ya siku ile. Wakinifungia, nitakuwa nyuma ya ukuta nikipanga pini kama kawaida, na Yer, Bev na Clem watatafuta mtu wa nne. Clem alikasirika nilipomwambia. Alisema nimemharibia kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Kisha akaniomba nimshikie tufe amalizie upande wa tatu, na hilo hajawahi kumwomba mtu yeyote.

Clem, uongozi na wafanyakazi wote wa Zastrow wanakushukuru kwa utumishi wako, na wanakuombea wewe na mkeo Lorraine afya njema na mapumziko marefu yenye amani. Mimi nakushukuru kwa Jumatano zaidi ya mia nne ulizoniachia.