Sauti Iliyomwita Kaka Posta

Wazee wangu, mama zangu wa chama chetu cha watu wa Nosy Be, asalaam aleikum. Wanaonijua hapa Mahajanga wameanza kucheka kabla sijafungua kinywa. Chekeni tu, mtanyamaza wenyewe.

Kwetu Nosy Be simu iko posta. Siku hiyo tarishi alikuja mbio: "Kijana mkubwa wa nyumba hii anaitwa kwenye simu, Mahajanga!" Kaka yangu akaenda kuvaa kanzu ya Idi.

"Kaka, hakuoni huyo!"

"Nyamaza wewe. Simu ya Serikali hiyo."

Hapo ndipo tulipopotea, nawaambieni. Posta ni ya Serikali, tukadhani na sauti ni ya Serikali. Kumbe yeyote aliyelipia huita! Sauti ilimtaja kaka kwa jina lake na la baba, ikampa ukarani bandarini. Kaka hakuuliza kitu, aliona ni utovu wa adabu. Alipopanda meli kuja huku, kanzu akaiacha nyumbani. Karani, alisema, huvaa suruali.

Ukarani haukuwapo. Walimpakia kwenye lori hadi shamba la mkonge, mbali, na homa ikammaliza huko. Ninyi ndio mlioulizia shamba kwa shamba mpaka mkaliona kaburi, mkamsomea, mkamletea mama kofia yake. Mama hulala nayo. Mimi niliacha shule. Hilo halikumshtua mtu. Nilipoacha utani ndipo mama alipojua naumwa.

Kisha tarishi akaja tena: "Wanamwita kaka yako."

Nikaenda mimi, na kaptura yangu iliyotoboka. Sauti ileile, tamu: kuna ukarani bandarini. Ndugu zangu, alishamchukua kaka yangu, na wala hakumkumbuka!

Nikajifanya ndiye. "Ahsante, bwana. Ofisi iko mtaa gani? Shangazi yangu yuko hapo Mahajanga, atapita leo akuone uso."

"Hakuna haja. Wewe panda meli tu."

"Shangazi mkali, bwana. Lazima aje."

Simu ikakatwa. Nilicheka, kisha nikalia palepale posta, tarishi amenishika.

Basi ukiitwa, uliza mlango uko wapi, na mtu wetu akaugonge kabla hujafunga mzigo. Mwenye kazi ya kweli hatakasirika.

Shangazi, ahsante kwa kunirudisha shule. Ahsanteni nyote mliomtafuta.

Na kanzu hii niliyovaa, mama ameipunguza urefu. Ndiyo ile.

Naona mmenyamaza.