Kumi na Mbili Haijatoka

MURUGI: Haloo. Ofisi ya mwalimu mkuu hapa. Naongea na nani?

WAMAE: Ni mimi.

MURUGI: Mimi nani? Laini inakwaruza.

WAMAE: Wamae. Ndugu yako. Niko Nanyuki, hapa posta.

MURUGI: Ah, Wamae. Nilidhani ni inspekta wa shule. Uko mzima?

WAMAE: Niko mzima. Na nyinyi huko Othaya? Mama?

MURUGI: Mama yuko. Jana kanisani aliambia kila mtu. Ati Alhamisi anaenda Nairobi kutolewa mtoto wa jicho, na Jumapili ijayo atasoma Biblia mwenyewe. Wewe umepewa ruhusa huko Timau?

WAMAE: Nimepewa. Lori iko na dereva mwingine mpaka Ijumaa. Sikia, Murugi, niko na hesabu nataka kukuuliza.

MURUGI: Hesabu? Kutoka Nanyuki?

WAMAE: Mwalimu ni wewe. Sina mwingine. Na huyu mama wa exchange, anayeunganisha simu, amesema—

[mkwaruzo]

MURUGI: Amesema nini?

WAMAE: Dakika tatu, halafu niongeze. Nimeshika sarafu hapa mkononi.

MURUGI: Uliza basi. Wasichana wanakula, niko na nafasi kidogo.

WAMAE: Ukirusha dadu mbili pamoja, kumi na mbili inatoka mara ngapi?

MURUGI: Sita na sita?

WAMAE: Hiyo.

MURUGI: Dadu ya kwanza iko na nyuso sita. Kwa kila uso, ya pili iko na zake sita. Sita mara sita ni—

WAMAE: Thelathini na sita.

MURUGI: Hujasahau. Katika hizo thelathini na sita, sita na sita ni moja tu.

WAMAE: Na saba?

MURUGI: Saba ni nyingi. Moja na sita, mbili na tano, tatu na nne, halafu unazigeuza. Njia sita. Yaani mara moja kwa kila sita.

WAMAE: Sasa kama mtu amesema ukiweka shilingi kwa kumi na mbili, ikitoka anakulipa thelathini?

MURUGI: Huyo anakupunja. Mtu wa haki angelipa thelathini na tano.

WAMAE: Na saba analipa nne.

MURUGI: Ilitakiwa tano. Huyo mtu ni nani, Wamae?

WAMAE: Si mtu. Ni mchezo, wanaita kraps. Iko hapa kwa hoteli moja ya watalii. Watu wanaweka pesa kwa laini, ule mstari wa mezani. Ukirusha mara ya kwanza upate saba ama kumi na moja, umeshinda. Mbili, tatu, kumi na mbili, umeliwa. Ingine yoyote, unarusha mpaka irudi tena, na saba ikitangulia, kwisha. Hiyo ndiyo mchezo yenyewe. Halafu iko zile za pembeni. Kumi na mbili ni ya pembeni. Unaweka, inarushwa mara moja, umejua.

MURUGI: Na wewe umefundishwa na nani?

WAMAE: Salim. Ni kijana wa Majengo hapa, ndiye anasukuma dadu na kijiti pale mezani. Lakini sikia. Kama imerushwa mara arobaini, na kumi na mbili haijatoka hata mara moja. Si basi iko karibu?

MURUGI: Hapana.

WAMAE: Mara arobaini, Murugi. Na umesema ni moja kwa thelathini na sita.

MURUGI: Dadu haijui imerushwa. Haikumbuki. Ya arobaini na moja ni kama ya kwanza. Ukichukua watu watatu, kila mmoja arushe mara arobaini, karibu mmoja wao hataiona hiyo kumi na mbili kabisa.

WAMAE: Mmoja kwa watatu?

MURUGI: Karibu hivyo.

[mlio wa sarafu]

MURUGI: Wamae? Laini imekatika?

WAMAE: Niko. Naweka sarafu.

MURUGI: Nani alihesabu hizo arobaini?

WAMAE: Nilikuwa nimesimama hapo.

MURUGI: Siku gani?

WAMAE: Jumamosi.

MURUGI: Jumamosi ndiyo uliuza fahali ya mama hapo sokoni.

WAMAE: Ndiyo. Asubuhi. Ilichukuliwa haraka, bei nzuri kuliko ya Nyeri.

MURUGI: Barua ya daktari ya hiyo Alhamisi iko wapi?

WAMAE: Iko hapa kwa koti.

MURUGI: Na kile kingine ulichoweka pamoja na barua?

[mkwaruzo]

MURUGI: Wamae.

WAMAE: Pesa ya fahali ilikuwa inatosha jicho moja tu.

MURUGI: Tulikubaliana moja.

WAMAE: Mama ndiye alikubali. Ati moja ni neema, ati jicho la pili litangoja kahawa ilipwe. Mimi nikimwona anavuka barabara anageuza kichwa kama kuku, nasikia vibaya. Nikasema wacha nitafute la pili.

MURUGI: Ukaenda hotelini.

WAMAE: Nilianza vizuri. Nakuambia ukweli, nilicheza laini peke yake, nikaongeza pole pole. Saa mbili hivi nilikuwa nimefika jicho moja na nusu.

MURUGI: Ungetoka.

WAMAE: Salim alinikoholea. Mara mbili. Hawezi kusema nitoke, bosi yuko hapo nyuma yake. Lakini nusu iliyobaki ilikuwa kidogo sana, Murugi, na laini inaenda kama konokono. Halafu yule mzungu karibu na mimi anasema kumi na mbili imepotea tangu meza ifunguliwe. Nikaweka kidogo pembeni. Ikakosa. Nikaweka ya kurudisha ile. Ikakosa—

MURUGI: Basi.

WAMAE: Nilikuwa nahesabu. Nilijua kila ikikosa ndio inakaribia. Hakuna mtu aliniambia haikumbuki.

MURUGI: Nimesema basi. Kuna msichana mlangoni. Njeri, nenda, nitakuja. Funga mlango.

[mlango unafungwa]

MURUGI: Imebaki nini?

WAMAE: Ya fahali?

MURUGI: Ya fahali.

WAMAE: Hakuna.

[mlio wa sarafu]

WAMAE: Sema kitu. Sarafu zinaisha.

MURUGI: Mama amefua ile sweta yake ya kijani. Iko juu ya ua tangu asubuhi, naiona kutoka dirishani hapa, na kila saa anaenda kuishika aone kama imekauka, kwa sababu kuiona hawezi.

WAMAE: Usimwambie.

MURUGI: Nimwambie nini?

WAMAE: Mwambie daktari amesafiri. Ama amepanga mwezi ujao.

MURUGI: Na mwezi ujao nimwambie nini?

[mkwaruzo]

MURUGI: Nitamwambia daktari amesafiri. Sijawahi kumdanganya yule mama, Wamae. Wewe ndiye ulikuwa unamdanganya, na mimi nakutetea.

WAMAE: Nitarudisha. Leo asubuhi nimeomba mshahara ya mwezi huu mapema. Karani amenipa.

MURUGI: Iko wapi?

WAMAE: Iko hapa. Mfukoni.

MURUGI: Ndiyo sababu umeniuliza hesabu.

WAMAE: Nilitaka tu kujua ni gani iko na haki. Salim anasema laini ndiyo inaiba kidogo kuliko zote.

MURUGI: Nisikilize. Hakuna yenye haki. Ya laini, ya pembeni, zote zinalipa chini ya vile inatakiwa. Kidogo ama sana, zinakula. Ukikaa hapo zitamaliza. Hii si bahati yako mbaya, ni hesabu. Umesikia?

WAMAE: Nimesikia.

MURUGI: Panda gari uje nyumbani sasa.

WAMAE: Nitakuja.

MURUGI: Sasa, Wamae. Unipe huo mshahara mkononi, tuanze upya.

WAMAE: Nitakuja na ya jioni. Nataka kwanza nione mtu hapa.

MURUGI: Gari ya mwisho ya Nyeri inatoka saa ngapi?

WAMAE: Saa kumi na moja.

MURUGI: Na hiyo hoteli wanafungua meza saa ngapi?

WAMAE: Ya nini?

MURUGI: Nimekuuliza.

WAMAE: Saa kumi.

MURUGI: Wamae, kwa jina la baba—

WAMAE: Hii ndiyo sarafu ya mwisho. Salimia mama.

MURUGI: Usikate. Wamae, nipe namba ya hapo nikupigie mimi, ofisi italip—

WAMAE: Mwambie aanue sweta, huku Nanyuki kumeanza kunyesha, itafika huko. Haya, kwaheri.

MURUGI: Haloo? Haloo. Exchange, nirudishie Nanyuki. Posta ya Nanyuki, kile kibanda cha nje. Jaribu tena. Tafadhali, mama, jaribu tena.