Munyakazi Damien, Aliyezoezwa Kutema

Ndugu, jamaa na majirani, mmetoka hapa Mushaki, mmetoka Sake, wengine mmetembea siku nzima kutoka Mpofi. Asanteni. Anayesoma ni Epiphanie, dada yake marehemu, na anasoma akiwa na hasira. Mtasema hasira hasara. Hasara yenyewe imelala hapa ndani ya sanduku.

Munyakazi Damien alizaliwa mwaka 1910 juu ya Mushaki, mtoto wa tatu wa Sebarenzi na Mukankusi. Alibatizwa tarehe 24 Desemba 1922. Alisoma miaka mitatu kwa wamisionari, kisha baba akafariki naye akarudi kulima maharagwe. Ulimi wake ulikuwa wa ajabu tangu utotoni. Mama alimfunga macho, akamwonjesha maziwa ya vibuyu vitatu, naye akataja ng'ombe mmoja mmoja bila kukosea, hata yule wa jirani ambaye maziwa yake hayakupaswa kuwa nyumbani kwetu. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Tarehe 10 Februari 1934 alimwoa Emérita. Msimamizi wa ndoa alikuwa Hakorimana, jirani yake na rafiki yake wa tangu kuchunga ng'ombe. Mungu akawapa watoto wanne.

Mwaka 1940 vita vilizuia meli, bia ya Ulaya ikakosekana. Mkoloni mmoja mwenye shamba hapa Mushaki, ambaye wafanyakazi walimwita patron, akaanza kupika bia kama ya wakulima wa kwao Ubelgiji: shayiri na ngano, mbegu za giligilani, maganda ya machungwa. Ilikuwa mbaya, tuseme ukweli, mpaka Damien alipoitwa aionje.

"Patron, maganda iko mingi, inakamata ulimi," alisema. "Na inakosa moto kidogo."

Akaenda kwa miguu mpaka Mpofi, akarudi na matungulu, yale matunda mekundu ya msituni yenye mbegu kali. Akazisaga, akatia kidogo tu, akataka pipa likae wiki tatu. Tangu hapo hakuna pipa lililofunguliwa bila yeye. Aliangalia povu, akanusa, akazungusha funda moja mdomoni, akahukumu: hii tayari, hii ingoje, hii mwageni, pipa halikuoshwa. Mwaka 1950 wakoloni walishindanisha bia zao kule Sake, na ya patron wake ikashinda. Patron akapokea kikombe na kupigiwa makofi. Damien alibeba chupa tupu, na jina lake halikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Na tangu siku ya kwanza amri ilikuwa moja: "Onja, tema! Kumeza hapana, utalewa kazini." Miaka kumi na minne mwanamume mwenye mke na watoto alitema kwa amri, kama mtoto aliyekutwa anakula udongo.

Mazoea yana taabu. Jumapili, tarehe 16 Mei 1954, tulikutana kwa Hakorimana kunywa pombe ya uchumba, ili mwanawe Jean-Bosco amwoe Vestine, binti ya Damien. Hakorimana alionja kwanza, kama desturi yetu, kuonyesha kwamba hakuna sumu, akampa Damien kibuyu. Damien akanusa, akaizungusha pombe ya ndizi mdomoni, akaitema. Mbele ya wazee wote.

"Unatema pombe yangu?" Hakorimana aliruka. "Njo kusema mimi iko mulozi, natia sumu?"

"Hapana, kaka! Mudomo njo imezoea. Ni kazi tu. Nipe tena, nimeze."

"Hapa si kwa muzungu. Toka!"

Damien alipiga magoti pale pale. Haikusaidia. Uchumba ukavunjwa siku hiyo, na Hakorimana hakukanyaga tena mlango wetu. Lakini alijua! Miaka yote alikuwa akimtania rafiki yake kwa kazi hiyo ya kutema. Alijua vizuri kuliko sisi sote, akachagua kutojua.

Juni 1957 tumbo la Damien lilianza kuvimba. Kwa mganga wa hospitali kule Sake walisema ni ini. Watu wakanong'ona kwamba ni pombe. Pombe gani, jamani, ile aliyoitema? Kitandani aliomba jambo moja tu: Hakorimana alete pombe yake, aimeze mbele yake, wapatane. Tulituma mtu mara mbili. Mara ya tatu Emérita alikwenda mwenyewe.

"Papa Hakorimana, nakuomba. Mugonjwa anataka kumeza pombe yako. Kidogo tu."

"Aende akunywe kwa muzungu wake," alijibiwa.

Damien alifariki Jumanne, tarehe 3 Septemba 1957, saa tisa mchana, kichwa chake kikiwa mapajani mwa dada yake. Aliuliza kama kuna mtu mlangoni. Hakukuwa na mtu.

Jana Hakorimana alituma mitungi miwili ya pombe ya matanga. Iko nyuma ya nyumba, anayetaka anywe. Damien aliomba funda moja.

Ameacha mjane, Emérita. Watoto, Vestine, Evode, Constance na Victorine. Na dada yake, Epiphanie. Papa Hakorimana, umesimama pale nyuma na kofia mkononi, tumekuona. Mungu ampe Damien amani uliyomnyima.