Neno Nililomgeuzia Jabbar

Sikilizeni wanangu, nawe Hamoud kaa, usisimame mlangoni kama mtu anayengojwa na gari. Zakiya, niinulie mto, la, urejeshe. Tangu alfajiri nnageuka ubavu huu na huu, na hakuna uliokubali kunibeba.

Nyumba hii ya Khuwair igawanywe kwa sharia. Theluthi yangu inunuliwe miguu ya bandia kwa wasioweza, na jina langu lisitajwe. Sababu yake imeninyima raha miaka kumi na tano.

Mwaka wa tisini na moja, vita vya Kuwait, mimi muuguzi na eda ya baba yenu imekwisha, meli ya hospitali ya jeshi la wageni ikatafuta mkalimani wa Kiarabu. Kaka yangu Thani akasema, "Mwanamke wa kwetu halali melini na wanajeshi." Nikenda. Mpaka leo hanisemeshi, na nyinyi mumekua mukidhani tuligombea urithi.

Meli ilikuwa nyeupe, misalaba myekundu ubavuni, na injini zikitetema chini ya vitanda usiku na mchana, sisi tukikhofu mabomu yaliyotegwa baharini. Majeruhi waliletwa kwa helikopta. Mmoja alikuwa mateka, Jabbar, mwalimu wa hesabu kutoka Basra aliyetiwa jeshini, mguu umeoza mpaka gotini. Daktari akanambia, "Muulize kama anakubali tuukate. Tusipoukata, kesho hatunaye." Jabbar alinisikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Mwambie hapana. Niacheni nife na mguu wangu."

Nikamwona baba yenu. Naye sukari ilimla mguu, naye alisema hapana, nikamtii, nikamzika, na wewe Hamoud, siku ya tatu ya matanga, ulinambia mbele ya watu, "Mama, wewe ndiye uliyemwachia afe." Basi nikamgeukia daktari nikasema, "Kakubali."

Mjumbe hauawi, wanangu, lakini mjumbe aliyeugeuza ujumbe afanywe nini? Jabbar alipozinduka, mguu umeshakatwa, alipapasa shuka, akanitazama. "Nilikwambia nini?" Siku tisa hakupokea hata maji mkononi mwangu. Siku ya kuteremshwa niliifuata machela yake nikamwomba radhi. Akasema, "Uhai umenirejeshea wewe. Msamaha ni wangu, na sikupi."

Sijui nilimwokoa au nilimwibia. Asubuhi nnasema hili, jioni nnasema lile. Vita vilipoingia Basra tena, nilikuwa nikikaa mbele ya televisheni nikimtafuta mtu wa mguu mmoja, na nyinyi mukinambia, "Mama, zima, ulale."

Jana nimekusikieni ukumbini mukinong'ona na daktari juu ya mashine ya kupumulia. Siitaki. Sauti yangu ikikatika atakuuliza wewe, Hamoud, mkubwa wa nyumba. Sema nilivyosema, usitie lako, hata moyo ukikuwasha. La baba yako nimeshakusamehe zamani. Nisamehe kwa kutokwambia.

Zakiya, nenda Al Khoudh kwa mjomba wako Thani. Mwambie haikuwa kiburi. Asipowahi kuniona, basi anizike.

Mola akulindeni mbele na nyuma, asikutengeni, akupeni... maji, mwanangu. Kidogo tu. Akupeni watoto wema kama... nishike mkono. Sio huu, unauma.

Hamoud. Hebu lijaribu neno utakalomwambia daktari, nilisikie. Mama kasema...

Usilie, baba. Sema.