Struan Mollison, Mashindano Tisini na Matatu

"Kabla sijatimiza miaka thelathini, mtalipa kiingilio kuja kunitazama nikifunga kamba za viatu."

Maneno hayo aliyasema marehemu Struan Petrie Mollison mwezi Novemba 2017, kipaza sauti mkononi, mbele ya wanachama mia moja na ishirini wa Klabu ya Gofu ya Dunbarrow waliokusanyika kula na kumwona akikabidhiwa kombe. Mama yake hakuwa na kipaza sauti lakini alisikika hadi jikoni: "Kaa chini wewe, supu inapoa." Akakaa.

Struan alizaliwa Jumatatu, tarehe 3 Juni 1996, mjini Arbroath. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bwana Norman Mollison, mkausha samaki kwa moshi, na Bi. Isobel Petrie. Alichelewa kuzaliwa kwa siku kumi na mbili, na baba yake husema hiyo ndiyo mara ya mwisho kwa Struan kukubali mtu mwingine atangulie.

Alisoma Arbroath, msingi na sekondari, akaacha shule mwaka 2013 akiwa amefaulu masomo matatu. Hesabu alifeli. Bi. Guthrie aliyemfundisha yupo hapa, kiti cha nne, na hajabadilisha msimamo wake. Mwaka huohuo aliajiriwa kukata nyasi Dunbarrow. Alianza kazi saa kumi na moja alfajiri, akamaliza saa saba, na kuanzia saa saba mpaka giza alikuwa akiharibu nyasi zilezile kwa fimbo.

Aprili 2018 aliingia gofu ya kulipwa. Familia imeombwa na watu wengi iweke kumbukumbu zake sawasawa, basi ndizo hizi. Mwaka 2018 alicheza mashindano kumi na moja, akapita mchujo mara mbili. Mwaka 2019, kumi na nane, akapita mara tano. Mwaka wa korona, sita, mara mbili. Mwaka 2021, kumi na tisa, mara saba. Mwaka 2022, ishirini, mara nane. Asiyejua gofu aelewe hivi: usipopita mchujo unarudi nyumbani Ijumaa bila senti, na hoteli umeshalala. Kuanzia 2021 mfuko wake wa fimbo ulibebwa na mdogo wake, Innes, aliyeacha diploma ya hoteli huko Dundee mwaka wa pili, na ndiye anayewasomea sasa. Mchungaji ameniomba nisifanye mzaha. Najitahidi.

Tarehe 20 Agosti 2022 alimwoa Ailsa Coutts, msaidizi wa daktari wa meno. Walikutana Struan alipovunja dirisha la kliniki kwa mpira kutoka shimo la saba. Alipokwenda kuomba radhi, Ailsa alimpa ufagio. Harusi ilipangwa kati ya mashindano mawili. Katika yote mawili hakupita mchujo, na Ailsa alisema heri, angalau bwana harusi amefika mapema.

Mgongo ulianza kumuuma Februari 2023, upande wa chini. Kwa wachezaji wa gofu kuumwa mgongo si ugonjwa, ni salamu. "Mgongo vipi?" "Upo." Kila mmoja wetu humu ndani alimsalimu hivyo. Kocha wake alimwambia mzungusho wake wa fimbo ulikuwa mrefu mno, aufupishe. Akaufupisha, kwa sababu mrefu haukuwezekana tena, na mpira ukaanza kwenda pale alipoutuma. Mwaka huo alicheza mashindano kumi na tisa, akapita mchujo mara kumi na saba. Alikuwa wa nne Ubelgiji, wa tatu Denmaki, na Jumapili tarehe 10 Septemba alishinda Uholanzi, mikwaju kumi na minne chini ya kiwango, ushindi wake wa pekee. Tulimpongeza kocha.

Ugonjwa wake ulikuwa saratani ya korodani. Mama amekubali litamkwe, tena kanisani. Uvimbe aliuona Aprili, na hakumweleza mkewe hadi Juni. Siku hiyohiyo Ailsa alimpatia miadi hospitali, Jumanne tarehe 13, akaiandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye jokofu. Tulikuwa watatu jikoni.

"Jumanne niko Denmaki," Struan akasema.

"Denmaki haiendi popote."

"Mwaka huu watano wa kwanza wanapandishwa daraja, Ailsa. Nikitoka sasa nimekwisha."

"Na mgongo?"

"Mgongo wa gofu huo."

Ailsa akageuka. "Shemeji, mwambie nduguyo. Wewe anakusikia."

Mdogo wake akasema, "Mwache, shemeji. Fimbo zinamtii mwaka huu." Akaendelea kula mkate.

Miadi ya pili ilikuwa Julai. Struan aliifuta mwenyewe kwa simu, akiwa uwanja wa ndege.

Mwezi Agosti hakuweza tena kuinama. Kabla ya shimo la kwanza Innes alipiga magoti kumfunga kamba za viatu, wachezaji wengine wakicheka. "Mfalme anavalishwa!" mmoja akapaza sauti. Struan akamjibu, "Umelipa wewe? Basi geuka huko." Tulicheka wote. Vidonge vya maumivu vilikaa kwenye mfuko wa mipira, na aliyevibeba alijua ni vingapi.

Msimu ulifungwa tarehe 30 Septemba. Struan alimaliza wa tano. Tarehe 9 Oktoba alianguka bafuni, akapelekwa Dundee, na daktari akamweleza kwamba saratani ilikuwa mgongoni, kwenye mapafu na kwenye ini. Kwamba ugonjwa huu, ukiwahiwa, karibu wote hupona. Kwamba yeye hakuwahi. Alipewa dawa kali mizunguko minne. Kadi ya kumruhusu kucheza daraja la juu ilikuja kwa posta Desemba, jina limeandikwa bila kosa. Imo kwenye mfuko wa koti alilovalishwa.

Alifariki Jumanne, tarehe 19 Machi 2024, saa tatu asubuhi, nyumbani, Ailsa akiwa amemshika mkono wa kushoto, ule mweupe uliozoea glavu. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Ameacha mke, Ailsa. Wazazi, Norman na Isobel. Bibi yake, Jessie Petrie. Na mdogo wake, Innes. Alale mahali pasipo na upepo, na amani iwe juu yake.

Jambo moja limebaki, na Struan mwenyewe aliagiza lisomwe, kwa ajili ya vijana wa klabu mliosimama nyuma. Jikaguni. Ukikuta kitu, nenda wiki hiyohiyo. Mwezi Januari Ailsa alimuuliza kwa nini, kwa kweli, hakwenda siku ile ya Juni. Struan alisema habari ya watano wa kwanza ilikuwa maneno tu. Siku ile alikuwa wa ishirini na nane kwenye orodha ya msimu. Ila ada ya Denmaki ilikuwa imeshalipwa, na ukijitoa hairudishwi.

Ilikuwa pauni mia tatu na kumi.